Kamba ya Akili: Asili ya Maneno ya Fikra na Makini katika Kiswahili

Kila lugha hulazimika kutafuta majina ya mambo yasiyoonekana kwa macho wala kushikwa kwa mkono, na miongoni mwa mambo hayo ni machache yaliyo magumu kuyataja kama yale yanayotendeka ndani ya kichwa cha mtu. Fikra haina rangi wala sauti, na umakini haupimwi kwa pishi. Hata hivyo, wasemaji wa Kiswahili huyataja mambo haya tangu asubuhi hadi usiku bila kusita, kwani mwalimu huwataka wanafunzi wake wazingatie somo, mzazi humuuliza mtoto aliyevunja gilasi akili zake zilikuwa wapi, na jirani humwonea huruma mwenzake aliyekonda kwa sababu ya mawazo. Mengi ya maneno hayo, yakifuatiliwa hadi yalikotoka, hukutwa yakiwa majina ya vitu na vitendo vya kawaida kabisa: kamba ya kumfungia ngamia, lijamu ya farasi, mtego, kitendo cha kuzungushia kitu kingine, au kitendo cha kutua mzigo uliochosha.

Kiswahili kilichota maneno haya katika hazina mbili. Ya kwanza ni urithi wake wa Kibantu, uliokipa vitenzi kama kuwaza, kujua, kukumbuka, kuelewa, kutulia na kuzingatia. Ya pili ni Kiarabu, kilichokiletea akili, fikra, dhana, nia, fahamu, hekima, busara na makini. Hazina hizi zilikua mbali, katika mazingira yasiyofanana, na kila moja ina njia yake ya kuunda maneno. Lakini zinapolinganishwa zinakubaliana katika jambo moja, nalo ni kwamba akili ya mwanadamu ni kitu chenye mwendo, kinachokwenda na kurudi, kinachoweza hata kuruka na kumwacha mwenyewe, na kwamba kuwa makini ni kuishika akili hiyo, au kuituliza, ili ibaki mahali pamoja.

Akili, hekima na kazi ya kuzuia

Maneno ya Kiarabu yaliingia katika upwa wa Afrika Mashariki kwa njia ya dini, biashara na elimu, na uhusiano huo ni wa kale, kwani uchimbaji uliofanywa Shanga, katika kisiwa cha Pate, umeonyesha kwamba palikuwa na msikiti huko tangu karne ya 8. Maneno hayo hayakubaki kama yalivyotamkwa Uarabuni. Kiswahili kinapenda silabi inayoishia kwa irabu, na kwa hiyo mara nyingi konsonanti mbili zilipokutana, au neno lilipoishia kwa konsonanti, irabu ilipachikwa. Na irabu ya mwishoni haikuchaguliwa ovyo, kwani mara nyingi huwa ni u baada ya sauti za midomo kama m, na i baada ya sauti zinazotamkwa kwa ncha ya ulimi kama l, n na r. Ndiyo maana neno la Kiarabu fahm likawa fahamu na ilm likawa elimu, ilhali dhann likawa dhani na fikr likawa fikiri. Neno aql lilipita njia hiyohiyo: sauti ya kooni iliyo mwanzoni mwake ikadondoka, sauti ya q ikageuka kuwa k, i moja ikaingia kati ya k na l na nyingine ikakaa mwishoni, na matokeo yake yakawa akili.

Mzizi wa neno hilo katika Kiarabu una maana ya kufunga na kuzuia. Kamba inayofungwa kwenye mguu wa mbele wa ngamia, ukiwa umekunjwa ili mnyama asiinuke na kutokomea jangwani, huitwa iqal, na jina hilohilo limepewa pete nyeusi ya kamba ambayo wanaume wa Saudi Arabia na Kuwait huivaa juu ya kitambaa cha kichwa. Wanakamusi wa Kiarabu waliueleza uhusiano huo waziwazi, akiwamo Ibn Manzur, mtunzi wa kamusi kubwa ya Lisan al-Arab aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 14, kwamba akili imeitwa hivyo kwa sababu humzuia mwenye nayo asijitumbukize katika maangamizi. Kwa ufafanuzi huo, mwenye akili ni yule anayeweza kujizuia, na wingi wa anayoyajua huja baadaye.

Neno hekima lina historia inayokaribiana sana na hiyo. Asili yake ni hikma, na mzizi wake ndio uliozaa pia hukumu, hakimu na mahakama, maneno ambayo kila msomaji wa magazeti anayajua. Lakini katika mzizi huohuo limo pia jina la kile kipande cha lijamu kinachozunguka taya la farasi ili kumzuia asikimbie anakotaka. Ibn Faris, mwanakamusi aliyefariki mwaka 1004 na ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta maana ya msingi ya kila mzizi wa Kiarabu, aliweka maana ya kuzuia kuwa ndiyo asili ya mzizi huu: hukumu humzuia dhalimu, na hekima humzuia mwenye nayo asifanye ujinga. Busara imetoka upande mwingine, katika familia ya maneno yanayohusu kuona, kwa hiyo mwenye busara kwa asili ya neno ni mwenye kuona, tena kuona mbali kuliko jicho lifikapo.

Neno akili lilipozoea Kiswahili lilipata tabia ambazo halikuwa nazo Uarabuni. Waswahili hulitumia mara kwa umoja na mara kwa wingi, wakasema akili yake na pia akili zake, na methali isemayo kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, imesimama juu ya wingi huo. Tena maana yake ilipanuka ikaingiza ujanja na werevu wa kujitafutia, hata ikawezekana kusema kwamba akili nyingi huondoa maarifa, kauli ambayo ingekuwa ya ajabu kama akili ingebaki na maana ya kamba ya kuzuia peke yake. Sheria nayo imelipokea neno hili kwa namna yake, kwani mtu anayehesabiwa kuwajibika kwa matendo yake, au anayeandika wosia unaokubalika, hutakiwa awe na akili timamu, yaani akili iliyokamilika.

Kuwaza na kuwazua

Ikiwa akili ni yenye kuzuia, fikra ni yenye kutembea. Ibn Faris aliyetajwa hapo juu aliueleza mzizi wa fikr kuwa ni kwenda na kurudi kwa moyo juu ya jambo, na ikumbukwe kwamba Waarabu wa kale waliuona moyo kuwa makao ya ufahamu, na jina lake, qalb, wakalieleza kwa mzizi unaomaanisha kugeuzageuza, kwa kuwa moyo haukai katika hali moja. Kutoka katika mzizi wa fikr Kiswahili kilipata kufikiri na fikra, kisha kikapokea pia umbo jingine la kitenzi hicho, tafakari, ambalo kwa sarufi ya Kiarabu hubeba wazo la mtu kulifanya tendo ndani ya nafsi yake kwa muda na kwa juhudi. Tofauti hiyo ingalipo: mtu anaweza kufikiri kwa sekunde moja kama alifunga mlango, lakini hawezi kutafakari kwa sekunde moja, kwa sababu kutafakari kunadai utulivu na muda. Mwanachuoni al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikitenga kitabu kizima cha kazi yake kubwa ya kuhuisha elimu za dini kwa ajili ya tafakuri peke yake, akiihesabu kuwa ni ibada.

Kwa upande wa Kibantu, picha ya kwenda na kurudi imo katika usemi wa kuwaza na kuwazua. Kiswahili kina kiambishi cha kitenzi ambacho hutengua tendo la awali, kama inavyoonekana katika funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Lakini anayewazua hayafuti aliyoyawaza, bali huyapitia tena kwa upande wa pili, akalipima jambo kwa faida na kwa hasara, akalijenga na kulibomoa kabla ya kulikata shauri. Mwarabu aliyesema kwamba fikra ni kwenda na kurudi kwa moyo, na Mswahili aliyesema kuwaza na kuwazua, wote wawili wameutaja mwendo uleule, kila mmoja kwa vifaa vya lugha yake.

Mwendo huo ukizidi unakuwa maradhi, na Kiswahili kimeliona hilo kwa kulipa neno mawazo maana ya pili. Wazo moja ni jambo jema linaloombwa mkutanoni, na mtu huambiwa atoe wazo lake. Mawazo kwa wingi yanaweza kuwa maoni, lakini mtu anaposemwa kuwa ana mawazo, bila kutajwa ni mawazo ya nini, kila msikilizaji anaelewa kwamba ana huzuni au wasiwasi unaomnyima usingizi. Wataalamu wa afya walipohitaji jina la hali ya mtu kuelemewa na shida za maisha waliikuta lugha imeshawatayarishia njia, wakasema msongo wa mawazo, kutokana na kitenzi cha kusonga chenye maana ya kubana na kukandamiza, kitenzi ambacho jikoni hutumika kwa ugali. Kwa hali iliyo nzito zaidi na ya kudumu, ambayo hospitalini huhesabiwa kuwa ugonjwa unaohitaji tiba, neno sonona linazidi kutumika, nalo ni ndugu wa kusononeka.

Kinyume cha fikra inayozunguka ni nia inayonyooka. Nia, kutokana na niyya, ni azimio la moyo linalotangulia tendo, na katika sheria ya Kiislamu ibada kama sala na saumu haisihi pasipo hilo, kiasi kwamba anayeshinda na njaa bila ya kunuia hahesabiwi kuwa amefunga. Kusudi limetoka katika mzizi wa Kiarabu unaomaanisha kuelekea mahali moja kwa moja, na lengo ni neno la Kibantu lililotokana na kulenga, yaani kazi ya mwindaji anayeuelekeza mshale wake kwa mnyama mmoja na kuwaacha wengine. Maneno haya matatu yana mwelekeo, ilhali fikra na mawazo yana mzunguko. Ndiyo maana methali husema kwamba penye nia pana njia, na hakuna aliyewahi kusikia ikisemwa kwamba penye mawazo pana njia.

Kutulia, kuzinga na kutega

Neno linalotumika zaidi siku hizi kwa hali ya kuikusanya akili mahali pamoja ni makini, pamoja na nomino yake umakini na kitenzi chake makinika. Mwanafunzi yeyote aliyefanya mtihani wa Kiswahili amelikuta katika maagizo yanayomtaka akisome kifungu cha ufahamu kwa makini kisha ajibu maswali. Katika Kiarabu makin ni sifa ya kitu kilichokaa imara mahali pake, kisichotikisika, na ndivyo inavyotumika katika Kurani, kwa mfano katika Sura ya Yusuf, ambamo mtu aliyepewa cheo madhubuti mbele ya mfalme anasifiwa kwa neno hilo. Katika Kiswahili neno lilibeba kwanza maana ya utulivu na uthabiti wa tabia, hivyo kwamba mtu makini alikuwa ni yule asiyepapatika, mwenye haiba na asiyeyumbishwa na maneno ya watu. Maana hiyo ingali hai pale inaposemwa kwamba fulani ni kiongozi makini. Kutoka kwa tabia iliyotulia hadi akili iliyotulia juu ya kazi iliyopo ni hatua fupi, na leo maana hii ya pili ndiyo inayojitokeza kwanza.

Kibantu kilikuwa na neno lake la hali hiyo kabla ya makini kufika, nalo ni kutulia. Kitenzi cha msingi ni kutua, ambacho hutumika kwa ndege anayeshuka mtini, kwa jua linapozama na kwa mchukuzi anayeuweka chini mzigo wake; kutulia ni kutua kulikokamilika, na kutuliza akili ni kuifanya iweke chini ilivyobeba. Maneno mawili yaliyozaliwa mbali, moja likisema kukaa imara mahali na jingine likisema kushuka na kukaa, yamekutana katika lugha moja na kusaidiana, hata nomino ya utulivu ikawa ndiyo tafsiri ya kwanza ambayo mtu angeitoa kwa neno makini.

Kuzingatia ni neno la namna nyingine, na linastahili kufunguliwa kiungo kwa kiungo. Mzizi wake ni zinga, wenye maana ya kuzunguka na kuzungushia, ambao ndio uliozaa pia kuzingira na mazingira, yaani yale yote yanayomzunguka kiumbe. Baada ya mzizi huo kinakuja kiambishi cha -at-, ambacho wanaisimu wa lugha za Kibantu wanakijua kuwa ni cha kale sana na chenye maana ya kugusana na kushikilia: kufumba ni kufunga kiganja, na kufumbata ni kukifunga huku kimeshika kitu ndani yake, kukama ni kubana chuchu ya ng'ombe, na kukamata ni kubana na kutoachia. Mwisho kinaongezwa kiambishi cha kutendea, na neno linakamilika kwa muundo uleule wa kukumbatia. Anayezingatia jambo, basi, anakuwa amelizungushia akili yake pande zote na kulishikilia lisimtoke, na hapa kazi ya kufunga iliyoonekana katika akili ya Kiarabu inarudi katika vazi la Kibantu, ila safari hii kinachoshikwa ni jambo lenyewe.

Yapo maneno mengine yanayohusu namna ya kuielekeza akili. Kutia maanani, au kutilia maanani, ni kuliingiza jambo ndani ya maana, neno ambalo kwa Kiarabu limetokana na mzizi wa kukusudia na kujali. Kuangalia kunashirikiana na anga na kuangaza, maneno ya nuru, na kutoka humo kumezaliwa uangalifu na angalizo, ambayo hubeba tahadhari ndani yake, kwani mwangalifu ni yule anayeimulika njia kabla ya kuikanyaga. Kusikiliza ni kusikia kulikorefushwa na kutiwa bidii, na ni muhimu kukumbuka kwamba kusikia katika Kiswahili hakukomei masikioni, maana mtu husikia harufu, husikia baridi na husikia njaa, na mzazi anapomaliza kumwonya mtoto humuuliza kama amesikia, akiwa na maana ya kama ameelewa na atatii.

Lililo na ladha ya pekee kati ya hayo ni kutega sikio. Mtego huwekwa mahali ambapo windo linatarajiwa kupita, na chombo hutegwa chini ya mchirizi wa paa ili maji ya mvua yasipotee. Vivyo hivyo sikio huwekwa tayari kabla neno halijafika. Usemi huu umekita mizizi katika utamaduni wa vitendawili, ambapo mtegaji hutangaza kwamba ana kitendawili na hadhira ikamjibu kwa neno moja, tega, likiwa ni ruhusa ya kuuweka mtego na wakati huohuo ni ahadi ya kumsikiliza. Anayekipata husemwa kwamba amekitegua, na hadhira ikishindwa humpa mtegaji mji, naye huutaja aupendao na kuusimulia kidogo kabla ya kutoa jibu. Watoto waliokua katika mchezo huo walijifunza umakini kwa kushindana, kwa sababu asiyetega sikio kitendawili humpita bila ya kujua hata kilichotegwa.

Akili inapoondoka

Maneno ya kukosa umakini yanaithibitisha picha hiyo kwa upande wa pili, kwani mengi husimulia kuondoka, kuhama au kuchanganyika. Mtu aliyepatwa na kichaa husemwa kuwa amerukwa na akili, na muundo wa sentensi hiyo hufanya akili kuwa ndiyo iliyoruka na mtu kuwa ndiye aliyeachwa. Aliyeelemewa na mambo mengi kwa wakati mmoja husemwa kuwa amechanganyikiwa, kama kwamba vitu vilivyopaswa kukaa mbalimbali vimemwagwa chungu kimoja. Neno wazimu lina historia nzito zaidi, kwa kuwa limo katika ukoo wa mzimu, roho ya marehemu, neno lililoenea katika lugha nyingi za Kibantu, kama umuzimu katika Kinyarwanda na omuzimu katika Kiganda. Kwa imani ya zamani, aliyepoteza akili alikuwa amepandwa na mizimu, na ingawa wengi wanaolitumia neno hili leo hawana imani hiyo, umbo la neno limeihifadhi.

Ghafla ni neno ambalo msemaji wa kawaida hawezi kulidhania kuwa limo katika kundi hili. Katika Kiarabu ghafla ni kukosa uangalizi, hali ya mtu ambaye moyo wake umelala wakati mambo yanaendelea mbele yake. Kiswahili kimeitunza maana hiyo katika kitenzi cha kughafilika, lakini neno ghafla lenyewe limesogea hadi kwenye tukio: jambo linalomkuta mtu akiwa ameghafilika huonekana limezuka bila taarifa, na hivyo ghafla ikawa na maana ya mara moja, bila kutarajiwa. Kusahau nako kumesogea kwa namna inayofanana, kwani sahw ni kupitiwa, kuteleza kwa akili katikati ya kazi, na Waislamu wanaijua maana hiyo ya awali katika sijida ya kusahau, ambayo huswaliwa na aliyepitiwa akaongeza au akapunguza kitu katika sala yake. Kwa mtazamo huo, kusahau kwa Kiswahili kulianza kama tatizo la makini, na baadaye ndipo kukawa tatizo la kumbukumbu.

Makao ya ufahamu

Suala jingine ambalo maneno haya hulijibu kimyakimya ni mahali inapofanyika kazi ya kufikiri. Lugha ya Kiswahili imeweka kazi hiyo katika viungo viwili bila ya kuona mgongano. Moyo, ambao washairi huuita pia mtima, jina lililo sawa na umutima wa Kinyarwanda na omutima wa Kiganda, ni mahali pa kusemea mambo ya siri, kwani mtu husema moyoni, huweka moyoni na hutia jambo moyoni. Ubongo nao ni neno la kale la Kibantu, lenye ndugu kama ubwonko wa Kinyarwanda na obwongo wa Kiganda, na kwa umbo la bongo likawa jina la werevu: watu huchemsha bongo wanapokabiliwa na maswali magumu, na jiji la Dar es Salaam likaitwa Bongo kwa sababu ilisemekana kwamba asiyetumia bongo halimudu, hadi jina hilo likaenea kwa nchi nzima na kwa muziki wake wa Bongo Fleva. Kichwa nacho kina sehemu yake, maana mwenye kipaji husifiwa kuwa ana kichwa, na mwenye mambo yasiyoeleweka huitwa kichwamaji, neno ambalo Euphrase Kezilahabi alilifanya jina la riwaya yake ya mwaka 1974.

Katika kujifunza, Kiswahili kinatofautisha vitendo vitatu ambavyo shuleni mara nyingi hutiwa katika kapu moja. Kukariri kumetoka katika neno la Kiarabu la kurudiarudia, na mwenye kukariri amefanya hivyo tu, yaani amerudia hadi ulimi ukazoea. Kuhifadhi ni kulinda, na aliyeihifadhi Kurani huhesabiwa kuwa ni mlinzi wake, ambaye husoma kwa ghaibu, yaani kitabu kikiwa hakipo mbele ya macho. Kuelewa ni jambo la tatu, na sarufi yake ni ya kushangaza, kwa sababu kitenzi cha msingi ni kuelea kwa maana ya kuwa wazi, kama katika usemi kwamba maneno yako yamenielea. Kueleza ni kulifanya jambo lielee kwa mwingine, na kuelewa, kwa umbo lake, ni kauli ya kutendwa, hivyo kwamba anayeelewa ni yule ambaye jambo limekuwa wazi kwake. Mtu anaweza kujilazimisha kukariri na akafaulu, na anaweza kujilazimisha kuhifadhi. Lakini umbo la neno kuelewa linaonyesha kwamba hatua hiyo ya mwisho humjia mtu, naye kazi yake ni kuitayarishia njia kwa kusoma, kusikiliza na kuuliza.

Maneno yaliyohama

Asili ya neno haiwezi kuchukuliwa kuwa ndiyo maana yake ya leo, na anayetaka kulazimisha hivyo atajikuta akiwakosoa wasemaji wote wa lugha. Mfano mzuri ni dhana. Kwa Kiarabu dhann ni kudhani, imani iliyo kati ya shaka na yakini, na kitenzi cha kudhani kimebaki hapohapo. Lakini nomino dhana imechukuliwa na wasomi kuwa istilahi ya kitu kilichofikiriwa na kuwekewa mipaka, na sasa hakuna andiko la falsafa, isimu au sayansi ya jamii linaloweza kwenda mbali bila ya dhana. Neno lililoashiria kutokuwa na hakika limekuwa kifaa cha kufikiria kwa uhakika. Nadharia nayo imetoka katika mzizi wa Kiarabu wa kutazama, na kando yake Kiswahili kimejiundia mtazamo kutokana na kitenzi chake chenyewe, hivyo maneno mawili ya kuona yakagawana kazi, moja likawa la wanazuoni na jingine likawa la kila mtu mwenye maoni.

Uhamaji huo unaendelea. Mitambo iliyoundwa kufanya kazi zinazofanana na za kufikiri imeleta majina ya akili mnemba, akili bandia na akili unde, ambayo yote matatu yanasikika katika vyombo vya habari, na yote yamekubali kwamba neno akili ndilo linalofaa kubeba mzigo huo mpya. Wanaoyatafsiri maandiko ya saikolojia, wanaoandaa vitabu vya shule na wanaozungumza na wagonjwa wanakutana kila siku na haja ya kuchagua kati ya makini, uangalifu, mazingatio na utulivu, na uchaguzi huo si wa kupamba lugha, kwa kuwa kila neno linamtaka msikilizaji afanye jambo tofauti.

Tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi katika amri mbili ambazo watoto wa shule huzisikia mara nyingi kuliko nyingine. Kuwa makini ni agizo la hali; halina kitu linachokitaja, na mtoto anayeambiwa hivyo kila dakika anaweza kukaa wima, akanyamaza na kumkodolea mwalimu macho, kwa utiifu kamili, huku hajui akili yake aiweke wapi. Zingatia ni kitenzi chenye kudai yambwa, yaani kitu kinachotendewa, na ndiyo maana hakisimami vizuri hadi kitajwe kinachozingatiwa: zingatia alama ya kutoa iliyo kabla ya mabano, zingatia jinsi mzungumzaji wa beti hizi anavyobadilika, zingatia wakati wa kumeza dawa. Mwalimu au mzazi anayelalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana umakini angefanya vyema kuhesabu ni mara ngapi amewapa agizo la kwanza na ni mara ngapi amewapa la pili, kwa sababu akili iliyoumbwa kwenda na kurudi haitulii kwa kuamrishwa itulie, na hutulia upesi zaidi ikishapewa kitu cha kushika.